Jibu la Paiki

Verlene Denomie ana miaka hamsini na minane, na kama siku zote alizolala kifudifudi juu ya barafu zingeunganishwa, zingepita mwaka mzima na ushei. Watu wasiomjua wakiliona lile blanketi la kijivu katikati ya Ghuba ya Matete, na buti mbili zimechomoza nyuma yake, hudhani kuna maiti. Mwaka juzi mgeni mmoja aliyekuja kuvua kwa ndoano alisimamisha pikipiki yake ya theluji, akamtikisa mguu, akamuuliza kama yu mzima. Verlene akachomoa kichwa, akamwambia alikuwa mzima mpaka dakika ile, ila sasa samaki wote wamekimbia kishindo cha ile pikipiki, na kama anataka kumsaidia basi aondoke. Ndivyo alivyo. Hamung'unyi maneno, wala hajui kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa.

Jumatatu mpaka Ijumaa ni mpishi wa shule yetu hapa Ziwa la Kiwiko, kaskazini ya Wisconsin. Analisha watoto mia mbili na kumi, na anamjua kila mmoja kwa kile asichokula. Jumamosi na Jumapili, barafu ikishakomaa, usimtafute nyumbani. Anaburuta vyombo vyake mpaka ghubani, anatoboa kwa mtaimbo tundu lenye upana wa karai, anatia tumbaku kidogo majini kama sadaka na kusema na ziwa maneno yake, anatandika matawi ya msonobari, analala. Juu ya kichwa anasimamisha fito tatu, juu ya fito blanketi. Mle ndani ni giza tupu.

Sasa, mtu asiyewahi kulala pale hawezi kuamini kinachofuata. Jua la nje linapenya theluji na barafu ya ziwa zima, linaingia majini, na wewe uliye gizani unaona chini kweupe, rangi ya kijani changa, mita tatu kwenda chini, mpaka konokono unaweza kuwahesabu. Mkono wa kushoto umeshika kijiti chenye kamba, na mwisho wa kamba kuna samaki wa mti, amechongwa kwa mwerezi, ana mapezi ya bati na risasi iliyoyeyushwa tumboni ili azame. Ukiinua kijiti na kukishusha, yule samaki wa mti anaogelea kwa kuzunguka, na paiki, samaki mrefu mwenye mdomo wa bata na meno ya mbwa, anakuja kuona ni nani huyo anayejitapa nyumbani kwake. Mkono wa kulia umeshika mkuki wa meno saba, na meno yameshatangulia majini ili yasipige maji kwa kishindo wakati wa kushuka. Basi unasubiri. Unaweza kusubiri nusu saa, unaweza kusubiri nusu mwezi.

Hapo kwenye kusubiri ndipo Verlene alipotushinda wote. Wengi wetu paiki akitokea tu tunamshusha mkuki, kwa sababu tumekuja kutafuta chakula na migongo inauma. Verlene huangalia kwanza. Anaweza kumwacha paiki wa kilo sita apite, eti alikuwa anataka kuona anakokwenda. Halafu anakuja kituo cha mafuta, mikono mitupu, anakaa na kahawa yake, na kuanza kusimulia. Watu wanaiita sinema ya Verlene. Wanamcheka, lakini angalia vizuri, hakuna anayeinuka mpaka amalize. Binamu yake Royce Corbine, ambaye ana hema la kuvulia lenye jiko la gesi, kiti cha kukunja, na kamera ya kutumbukiza majini yenye kioo kama televisheni, alimkaribisha humo siku moja ajionee maendeleo. Verlene akatazama kile kioo dakika tano. Akasema ni sawa na kuchungulia nyumba ya watu kwa tundu la ufunguo, na yeye amezoea kukaribishwa ndani.

Aliyemfundisha ni mjomba wake, Ambrose Corbine, baba yake Royce. Mjomba Ambrose ndiye aliyekuwa mchongaji hodari wa samaki wa mti kuliko wote katika ziwa hili, na nasema hivyo nikijua kuna watu watanuna. Verlene alipokuwa na miaka tisa alimlaza chini ya blanketi, akamwacha peke yake, na baadaye akamuuliza ameona nini. Mtoto akasema hajaona kitu. Akamrudisha. Akamtoa tena, akamuuliza tena, na safari hii mtoto akasema ameona samaki mkubwa. Mkubwa kama nini? Alikuja upande gani? Alitikisa pezi lipi? Akamrudisha. Jioni ile Verlene alirudi nyumbani meno yakigongana, lakini alikuwa na uwezo wa kueleza safari nzima ya kamba mmoja wa maji baridi kutoka jiwe hili mpaka jiwe lile, na mjomba akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Tangu hapo hajasema uongo hata mmoja kuhusu kitu alichokiona chini ya barafu. Kuhusu mambo mengine sijui.

Mwaka jana mwezi wa tisa, wakati wa kuvuna mpunga mwitu wa ziwani, Mjomba Ambrose akapigwa na kiharusi. Miaka themanini na moja, hajawahi kulazwa hata siku moja, akaanguka kando ya mtumbwi. Aliporudi kutoka hospitali, mkono wa kulia ulikuwa umelegea na mdomo umepinda upande mmoja, jicho moja limelegea, lakini akili ilikuwa ileile. Miezi miwili alikaa dirishani bila kusema mengi. Kisha siku moja akaomba kisu chake. Royce akamfungia jiliwa, kile chuma cha kubania mbao, ukingoni mwa meza ya jikoni, akambania humo kipande cha mwerezi, na mzee akaanza kuchonga kwa mkono wa kushoto. Jamani, ilitia huruma. Kazi iliyokuwa ikimchukua siku mbili ilimchukua majuma tisa. Kisu kilikuwa kikimteleza, anakiokota mwenyewe, hataki kuokotewa. Lakini alikuwa anaamka asubuhi, anavaa shati, anakunywa uji wake wote. Marlys, mke wa Royce, ambaye ndiye anayemuuguza, aliniambia kwamba kile kipande cha mti kilimrudishia mkwe wake kuliko dawa zote za kabatini.

Mwezi wa pili samaki akakamilika. Nilimwona. Kwa mbali ungesema ni kazi ya Ambrose, ila ukimshika unajua. Ubavu mmoja ulikuwa mnene kuliko mwingine, na rangi ya njano ilikuwa imevuka mpaka ikaingia kwenye jicho. Sote tulisema ni mzuri. Na mimi nilisema. Tulimvika mzee kilemba cha ukoka tukapokezana, na yeye akatutazama mmoja mmoja kwa lile jicho lake zima bila kusema asante.

Kwa sababu kwetu hapa samaki wa mti hasifiwi na watu. Anasifiwa na paiki. Mchongaji anaweza kumpaka rangi za malaika, lakini akifika majini na paiki akampa mgongo, huyo ni kuni. Ndiyo maana mzee akamwambia Royce ampeleke samaki wake ghubani amjaribu.

Royce akaenda Alhamisi asubuhi. Saa sita mchana amerudi na paiki wa urefu wa mkono, anacheka toka mlangoni, anaeleza jinsi alivyomrukia yule samaki wa mti kama ana deni naye. Marlys akapiga makofi. Mzee akaomba awekewe paiki mapajani juu ya gazeti. Akampapasa taratibu, akayatia vidole matundu ya mkuki, yalikuwa ubavuni, karibu na mkia. Kisha akaomba samaki wake wa mti. Akashika kamba, akaivuta kati ya vidole viwili toka mwanzo mpaka mwisho. Ilikuwa imekunjwa kijitini vilevile alivyoikunja yeye.

"Kamba haijalowa," akasema.

Royce akatafuta pa kuficha uso. Akakiri alimtumia yule wa zamani, wa kijani, aliyechongwa mwaka aliozaliwa yeye Royce. Akajitetea kwamba hata huyo si kazi ya baba yake? Sasa kosa liko wapi? Mzee hakumgombeza. Alimwomba tu amwite Verlene.

Verlene akaja moja kwa moja kutoka shuleni, bado amevaa aproni chini ya koti. Mjomba akamkabidhi yule samaki mpya mbele ya watu wote wa nyumba, na akasema maneno yake polepole, kwa vile ulimi nao ulikuwa mzito. Alitaka ampeleke Jumamosi na Jumapili, pale pale Ghuba ya Matete. Paiki akimkubali, ataendelea kuchonga, na kipande kingine cha mwerezi tayari kiko nyuma ya jiko kinakauka. Akimkataa, kisu anakiweka, na hatakishika tena mpaka azikwe nacho. Verlene akamuuliza kama ana hakika. Akasema anayo.

"Usiniletee nyama," akamwambia. "Niletee ulichokiona."

Royce na Marlys wakamsindikiza mpaka kwenye gari lake, na huko nje kwenye baridi wakambana. Marlys ndiye aliyeanza, akilia. Akasema muuguzi aliwaambia waziwazi kwamba mzee akikosa cha kumwamsha asubuhi atazimika tu, ameona wengi wakienda hivyo. Royce akasema ni neno moja tu wanaloomba, ndiyo badala ya hapana, na hakuna atakayejua zaidi ya samaki, ambao hawasemi. Verlene akawajibu kwamba huenda paiki akamkubali, kwa nini wanamzika mtu kabla hajafa. Royce akamwambia, dada, umemwona mwenyewe yule samaki. Verlene akawasha gari bila kujibu, kwa sababu alikuwa amemwona.

Jumamosi hakutokea paiki hata mmoja. Verlene alilala pale tangu saa mbili asubuhi mpaka jua lilipoanza kulegea, na alichokifanya siku nzima ni kumtazama samaki wa mjomba wake. Alimshusha mara ya kwanza. Yule samaki alizama kichwa kwanza. Alipoinua kijiti alipanda akiwa ameinama kulia, pezi la kushoto juu, akazunguka nusu ya duara na kusimama, kama mtu aliyesahau alichofuata jikoni. Akajaribu kumchezesha kwa haraka, akajaribu taratibu, akajaribu kutetemesha kijiti kwa ncha ya kidole. Ile mikono ya Verlene inaweza kuifanya hata soli ya kiatu iogelee. Samaki hakunyooka.

Lakini pamoja na huzuni hiyo, alisahau baridi. Ndivyo anavyokuwa siku zote, na ndilo jambo ninalomhusudu. Kundi la samaki wadogo wenye mistari lilipita chini yake, akawaona wakigeuka wote pamoja bila mmoja kutoa amri. Akaona jani la mwaka jana likitembea lenyewe chini ya ziwa, akakaza macho, kumbe kuna mdudu amelivaa. Saa nane hivi mchana wingu likapita juu ya ziwa, na chini kule mwanga ukafifia kuanzia upande wa magharibi, ukasogea sakafuni taratibu mpaka ukamalizika, kisha ukarudi kwa njia ileile. Ukimuuliza Verlene anapata nini kule, atakujibu kwamba anapata kuona, basi. Hana jibu lingine, na mimi sijaona kwa nini awe nalo.

Jumapili alirudi. Barafu ya usiku ilikuwa nyembamba tunduni, akaivunja, akaikomba kwa upawa, akatia tumbaku yake, akalala. Hakuwa ameomba mengi safari ile. Aliomba tu aone sawasawa.

Karibu na saa tano samaki wadogo wote wakatoweka. Hiyo ndiyo dalili, na kila anayelala tunduni anaijua. Uwanja unafagiliwa, na hakuna kinachosogea. Verlene akashusha pumzi, akamwinua samaki wa mjomba, akamshusha, akamwinua. Na paiki akaingia kutoka upande wa kushoto, chini kabisa, karibu na matete. Hakuingia kwa kuogelea. Alikuwa hayupo, kisha yupo. Jike, kwa ule unene wa tumbo, na mkubwa, mkubwa kuliko wote aliowaona Verlene kwa miaka sita. Mgongo wake ulikuwa na upana wa kiganja. Alikuwa na kovu jeupe juu ya shavu, na mapezi ya karibu na mkia yalikuwa yanapepea kidogo kidogo huku mwili wote umetulia.

Akapanda. Akaja taratibu, pua ikielekea kwa yule samaki wa mti, mpaka kati yao pakabaki shubiri moja. Akasimama hapo. Verlene akawa anaona matundu ya pua yake, anaona jicho la dhahabu likizunguka kumkagua yule mwenzake wa mwerezi, toka mkia mpaka kichwa. Na meno ya mkuki yalikuwa nusu mita juu ya shingo ya paiki, pale hasa panapotakiwa. Hakuhitaji hata kurusha. Alihitaji kulegeza vidole.

Hapo, mwenzangu, ndipo mwanamke huyu alipopimwa. Angelegeza vidole, mambo yote yangekwisha vizuri. Angeingia nyumbani kwa mjomba wake na paiki mkubwa kuliko wote wa miaka sita, kamba imelowa, matundu ya mkuki nyuma ya kichwa. Angesema alikuja mpaka shubiri moja, na lisingekuwa uongo hata neno. Mzee angechonga, Marlys angefurahi, na sisi tungekula. Lakini alijua vilevile kwamba paiki huyu bado hajajibu. Amekuja kuangalia tu. Ukimwua mtu kabla hajajibu, huwezi kwenda kusema amekubali. Akaviminya vidole kwenye mti wa mkuki, akaanza kuhesabu moyoni ili asifikiri.

Akafika kumi na nne. Paiki akapepea mapezi ya mbele, akarudi nyuma kidogo kama mtu anayejitoa mlangoni kwa wageni asiowapenda, akageuka bila haraka yoyote, akaenda zake kwenye matete.

Verlene alilia mle gizani, machozi yakawa yanadondokea tunduni. Akasubiri mpaka alasiri, labda atarudi, labda atakuja mwingine asiyejua mambo. Hakuja mtu. Akamvuta samaki wa mjomba juu, akamfunga kwenye kitambaa, akakusanya vyombo vyake.

Njiani kwenye gari aliujaribu ule uongo. Aliniambia mwenyewe, na hakuona haya. Aliusema kwa sauti, mara tatu, ili asikie unavyosikika: alimkubali, mjomba, alimkubali, mkono uliniteleza. Ulisikika vizuri tu. Alipofika kona ya kanisa alikuwa ameshaamua kuusema. Alipofika uani na kuona moshi wa jiko lao, na kichwa cha mzee dirishani, kimenyooka, kinamngoja, alikuwa hajui tena.

Wote walikuwa jikoni. Supu ya mawindo ilikuwa motoni, na Royce alikuwa na televisheni yake ya mpira inaongea chumba cha pili. Marlys akamwangalia Verlene usoni, akampa ishara ya kichwa, ndiyo, ndiyo. Verlene akamvulia mjomba wake kofia, akamwekea samaki wa mti juu ya meza, akaketi mbele yake. Mzee akaipitisha ile kamba kati ya vidole. Ilikuwa mbichi na ya baridi.

"Haya," mzee akasema.

"Alikuja, mjomba. Jike, mkubwa, ana kovu shavuni. Alifika mpaka hapa." Akamwonyesha shubiri juu ya meza. "Akasimama nikahesabu kumi na nne. Halafu akarudi nyuma, akageuka, akaondoka."

Marlys akabwaga mfuniko wa sufuria. Mzee hakugeuka.

"Aliogopa?"

Neno la ndiyo lilikuwa hapo hapo ulimini mwa Verlene, na lingekuwa rahisi, kwa sababu samaki wa mti anayetisha bado ni samaki.

"Hapana," akasema. "Alidharau."

Royce akasema dada, kwa sauti ya chini, kama mtu aliyechomwa. Mzee akainamisha kichwa. Mabega yakaanza kumtikisika, na Marlys akamkimbilia na taulo akidhani analia. Alikuwa analia kweli, ila alikuwa anacheka pia, kwa ule mdomo wake wa upande mmoja, mpaka akakohoa, mpaka wakamnywesha maji. Alipopata pumzi akamsukuma Marlys kwa upole ili aweze kumwona Verlene.

"Tangu nitoke hospitali," akasema, "nikimwaga supu, vizuri baba. Nikianguka chooni, vizuri baba, umejitahidi. Nikachonga takataka hii, vizuri, vizuri, mpaka majirani wanakuja kunisifu. Nikajua basi, nimeshakufa, na hawa wananificha nisijue."

Mimi niliposimuliwa hayo nilijisikia vibaya siku nzima, kwani nilikuwa mmoja wa hao majirani.

Kisha akafanya alichokuwa amesema atafanya. Akakichukua kisu, akakikunja kwa mkono wa kushoto akikibana na kifua, jambo lililomchukua muda na hakuna aliyethubutu kumsaidia, akampa Royce akaweke kabatini juu, nyuma ya sahani za sikukuu. Marlys alikuwa amefunika uso kwa lile taulo. Tulivyokuwa tukifahamu sote, hapo ndipo mzee anapoanza kuzimika.

Akavuta kiti chake karibu na meza. Akamwuliza Verlene kama yule jike aliingia kwa upande wa matete au upande wa kilindi. Verlene akasema matete, chini kabisa. Akauliza samaki wadogo waliondoka lini. Akauliza mwanga ulikuwaje. Akauliza kovu lilikuwa shavu gani, na Verlene aliposema la kulia, mzee akafumba macho akatafuta kichwani mwake, akasema anamjua, alikuwa mwembamba wakati ule, yeye mwenyewe alimkosa miaka minane iliyopita, na mkuki ndio uliomwachia lile kovu.

"Nilidhani nilimwua," akasema. "Miaka yote hii. Zima hiyo televisheni, Royce. Binti, hebu anza upya, tangu ulipovunja barafu, na usiniruke kitu."

Royce akaizima, akarudi, akasimama mlangoni. Verlene akavua koti, akaanza tangu alipovunja barafu. Akasema unene wake. Akasema baridi, na tumbaku ilivyozama, na konokono walikuwa wapi. Mzee alikuwa amefumba macho, na juu ya blanketi la mapajani mkono wake wa kushoto ukaanza kuinuka na kushuka, kidogo, kwa mwendo ulio sawa, vidole vimebana kijiti ambacho hakikuwepo. Royce akaketi. Marlys akaacha supu. Na Verlene alipofika pale samaki wadogo walipotoweka, ule mkono ukatulia hewani, na watu wote mle jikoni wakazuia pumzi wakimngoja yule jike aingie.